Uko na Thao 40 Unataka Kamera? Soma Hii Kabla Uteremke Luthuli

Kila mtaa wa Eastlands sahii uko na msee wa picha. Umoja wako, Kayole wako, Dandora wako. Buruburu ukisimama steji wikendi hukosi kuona kijana amelala chini kwa lami akitafutia nganya mpya engo. Na doo iko: graduesheni za watoi wa PP2, ruracio, bash za kuzaliwa, wasanii wanaotaka video ya bei ya mtaa. Shida ni mlango wa kuingilia. Unasave mwaka mzima, unaruka lunch, zamu yako ya chama inafika, alafu unateremka tao na thao 40. Unarudi na kitu inang'aa. Miezi mbili baadaye imekaa juu ya kabati, ju haiwezi fanya ile kazi ulikuwa unaitafutia.

Tuanze na ile hufai kugusa. Ukitafuta kamera kwa mtandao utakutana na vikamera vipya kwa boksi, jina hujawahi kusikia, vimeandikwa 48MP, 4K, zoom mara 16. Bei tamu kabisa. Wachana nazo. Ndani ya hiyo plastiki mara nyingi kuna sensa ndogo kuliko hata ya simu uko nayo mkononi, na hizo megapikseli 48 zimeundwa na programu kwa kunyoosha picha ndogo. Zoom nayo ni ya dijitali, yaani inakata picha katikati na kuikuza. Hiyo hata simu inafanya.

Na hizi megapikseli watu huzipenda bure tu. Instagram kwa kawaida inakuonyeshea picha yenye upana wa pikseli 1080. Picha ya inchi 4 kwa 6, ile mathee anaweka kwa fremu sebuleni, ikichapishwa kwa nukta 300 kila inchi inataka megapikseli 2 na kitu. A4 inataka karibu 9. Kamera ya megapikseli 18 inakutosha, na itakutosha hata wateja wakiongezeka.

Kitu unalipia ni sensa, ile sehemu inapokea mwanga. Kwa Canon ndogo kama 1300D ama 700D sensa ni milimita 22.3 kwa 14.9. Kwa kamera nyingi ndogo za mfukoni ni kama 6.2 kwa 4.6. Piga hesabu ya eneo: moja inashinda nyingine karibu mara 12. Hiyo ndio tofauti utaiona saa moja jioni, taa za mtaa zikiwaka, simu ikianza kuleta picha ya unga unga.

Kwa hivyo na hiyo 40 tafuta mtumba wa jina linalojulikana. Hakuna aibu hapo. Mohamed Amin, mtoto wa Eastleigh aliyezaliwa 1943, alianza na Box Brownie iliyotumika akiwa shule Dar es Salaam. Huyo ndiye alirekodi njaa ya Ethiopia 1984, zile video zilizoamsha dunia nzima.

Jina tatu, kamera moja

Hapa broka wanakula watu. Canon huuza kamera moja kwa majina tofauti kulingana na soko. Ile tunaita 700D, Marekani inaitwa Rebel T5i na Japani inaitwa Kiss X7i. 1300D ni Rebel T6, na pia ni Kiss X80. Kwa hivyo mtu akikuambia "hii ni Rebel, ni model kali, ongeza thao tano," jua anakuuzia stika. Lakini Sony zilizotengenezewa soko la Japani chunga sana, ju nyingi menyu yake ni Kijapani peke yake na haibadilishwi.

Sasa chagua kulingana na job. Kama ni picha tupu, 1300D ni fiti. Kama unataka video, angalia kwanza kama kuna tundu la maikrofoni. 600D (2011) na 700D (2013) ziko nalo, pamoja na skrini inayogeuka. 1300D, 2000D na 4000D hazina. Upande wa Nikon, D3300 (2014) iko nalo, alafu ilipokuja D3400 wakalitoa, na D3500 pia haina. Yaani mpya inaweza kuwa na vitu vichache kuliko ya zamani. Na ukichukua Nikon za D3000 na D5000, hazina mota ya kufokasi kwa bodi, so hakikisha lenzi imeandikwa AF-S. Ukiuziwa lenzi ya kitambo ya AF-D kwa bei ya kutupa utakuwa unazungusha kwa mkono siku nzima ya harusi.

Sony a6000 na Canon M50, hizi ndogo zisizo na kioo ndani, ni tamu na wengi wanazitamani. Ukipata moja safi ndani ya bajeti, sawa. Lakini cheki betri: M50 kwa kipimo cha kiwanda ni picha 235 kwa chaji moja, 1300D ni 500, Nikon D3300 ni 700. Kayole stima ikipotea saa nne asubuhi na sherehe inaisha saa kumi, hiyo tofauti utaisikia kwa mgongo.

Pima keja kabla ununue lenzi

Kila mtu atakuambia nunua 50mm f/1.8. Ni lenzi poa, bei iko chini, na inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ile 18-55 iliyokuja na kamera ukiivuta mwisho kwa f/5.6. Uso unatoka msafi, nyuma inayeyuka. Sina ubishi na hiyo.

Lakini ebu fikiria venye tunaishi. Studio yako ya kwanza itakuwa keja, na keja nyingi za huku ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu. Toa kitanda, toa meko. Kwa hizi Canon za sensa ndogo, ukitaka kupiga mtu wa mita 1.75 kutoka kichwa hadi kiatu na 50mm, lazima usimame karibu mita nne kutoka kwake, na hapo hujaacha nafasi juu ya kichwa. Utakuwa umetoka mlangoni, umefika kwa koridoo, umegonga mlango wa jirani na mgongo. Mteja anataka viatu vionekane, ju luku yote iko kwa viatu, na wewe unampa picha ya kiuno kwenda juu.

Sasa chukua hiyo 18-55 watu wanadharau, iweke kwa 24. Mtu huyo huyo anaingia mzima ukiwa mita mbili tu. Kwa hivyo anza na 18-55, usikubali muuzaji akuuzie bodi peke yake na 50mm ati "hiyo kit ni takataka". 50mm itakuja baadaye, na utaitumia nje: uwanjani, juu ya paa la ploti, pale lami ya Jogoo Road inapotulia Jumapili asubuhi. Kama moyo wako uko kwa lenzi ya mwanga mwingi na unapiga ndani, 24mm f/2.8 ya Canon ni nyembamba kama biskuti na inaingia vizuri kwa keja.

Pesa ingine iwekee flashi. Hii ndio inafanya mteja alipe badala ya kumpatia binamu yake simu. Yongnuo YN560 ama Godox TT600 ni za kuseti kwa mkono, bei rahisi, na ukigeuza kichwa iangalie dari nyeupe, mwanga unarudi laini kama wa dirisha. Kwa kanisa la mabati hiyo haifanyi, mwanga unapotea huko juu ama unarudi na rangi ya kutu. Hapo geuza kwa ukuta mweupe, ama beba mwavuli wa studio.

Alafu kuna mtego hapa ambao wauzaji wengi hawausemi. Angalia pale juu ya kamera flashi inaposhikia. Kamera nyingi ziko na pini kubwa katikati, na hiyo ndio inaambia flashi yoyote "waka". Canon waliitoa kwa baadhi ya kamera zao za bei ya chini, kama 2000D na 4000D. Ukikosa hiyo pini, YN560 yako itakuwa pambo. Ndio maana mimi 700D ya mtumba naiweka mbele ya 4000D mpya kwa boksi, na hiyo 4000D hata sehemu ya kushikia lenzi ni plastiki.

Kwa hesabu yangu, kwa 40 bodi na lenzi zisipite 28. Flashi uipatie kama 7. Inayobaki ni betri ya pili, kadi mbili (mbili, si moja kubwa, ju kadi ikikufa harusini hautarudisha bibi harusi), begi, na fare ya wiki mbili ukitafuta job.

Kabla M-Pesa itoke

Deposit usitume kwa mtu hujaona. Kutana mchana, ndani ya duka ama mkahawa wenye watu, na mwende wawili. Muuzaji akisema mkutane kwa steji giza ikiingia ju "anatoka job", mwambie utamcheki kesho.

Beba kadi yako na laptop ya beste. Washa kamera, weka f/22, elekeza kwa anga ama ukuta mweupe, piga. Madoadoa meusi ni vumbi kwa sensa, na fundi anasafisha. Mstari ama madoa yasiyotoka hata baada ya kusafisha ni stori ingine. Toa lenzi, mulika tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona kitu kama utando wa buibui ndani ya vioo, huo ni ukungu, na unakula kioo polepole. Kamera iliyokaa pwani miaka mingi imulike mara mbili. Piga picha kadhaa kwa kasi ya juu kabisa. Kama upande mmoja wa picha ni mweusi, shata inaenda. Zungusha zoom mpaka mwisho usikilize kama inakwaruza. Toa betri, ilaze mezani: ikibembea imevimba.

Nikon huandika ndani ya faili ya picha idadi ya mara shata imelia, na kuna tovuti unapakia picha inakusomea. Canon nyingi hazifanyi hivyo, zinataka programu na waya. Kwa hizi bodi ndogo, ukipata moja iko chini ya 30,000 chukua haraka. Ikikaribia 100,000, bei lazima ishuke sana.

Alafu sasa ile kitu hatupendi kuongelea. Kamera zinaibiwa huku. Msee anapigwa ngeta akitoka kazi usiku, na wiki hiyo hiyo kamera yake iko sokoni bila chaja, bila begi, bila risiti. Bei imeanguka nusu, na muuzaji ana haraka. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ukichukua mali ya wizi ukijua, ama ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, unaweza kufungwa hadi miaka 14. Na hiyo bei ya nusu bila chaja mbele ya hakimu inaweza kuitwa sababu. Lakini hata kabla ya hakimu: mwenye hiyo kamera huenda anaishi ploti mbili kutoka kwako, na mtakutana tu kwa ruracio moja Saika mkipiga picha pamoja.

So uliza risiti ya kwanza. Kama haiko, muuzaji akuandikie karatasi yenye jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya siri iliyo chini ya kamera, na tarehe. Mwenye kamera halali hakasiriki ukimuomba hiyo. Nambari ikiwa imekwaruzwa, ondoka. Ukishanunua, piga hiyo nambari picha na ujitumie kwa barua pepe, ju siku yako ikifika kituoni hiyo ndio itathibitisha kamera ni yako.

Kadi nazo usiamini maandishi. Za feki huandikwa 64 na ndani ni 8. Ukifika keja, rekodi video mpaka kadi ijae, alafu icheze yote. Ikianza kukatika katikati, irudishe kesho yake kabla mwenye duka asahau sura yako.

Na kama umeishia na Rebel kutoka Marekani, ingia kwa menyu utafute sehemu imeandikwa NTSC uibadilishe iwe PAL, alafu video weka fremu 25 na shata 1/50. Stima ya Kenya ni hezi 50, ya Marekani ni 60. Ukiiacha venye ilivyokuja, taa za ukumbi zitakuwa zinapepesa kwa video yako yote, na msanii atafikiri ni balbu.