Kitambulisho cha Kijeshi: Kinathibitisha Nini, na Mwananchi Afanye Nini Akioneshwa

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, wananchi wengi hutumia neno "mwanajeshi" kwa watu wa makundi matatu tofauti: askari wa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), kijana aliyepitia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) katika kambi kama Mafinga au Itende, na mgambo wa Jeshi la Akiba anayeonekana sokoni, stendi au katika ofisi ya kata. Watu hawa hawabebi hati ya aina moja, na hati walizonazo hazina uzito unaofanana.

Asiyeijua tofauti hiyo anaweza kupata hasara kubwa. JWTZ imekuwa ikitoa tahadhari mara kwa mara kuhusu watu wanaojifanya askari na kuwatoza wazazi fedha kwa ahadi ya ajira. Mwezi Agosti 2023, Jeshi hilo lilitoa siku saba kwa raia waliokuwa na sare za kijeshi au mavazi yanayofanana nazo kuyasalimisha. Sare ni rahisi kuitambua kwa macho, lakini kitambulisho huwa vigumu zaidi, hasa kinapotumwa kama picha kwenye simu.

Makala haya yanaeleza nani hubeba hati gani, hati hiyo inathibitisha nini, na hatua anazopaswa kuchukua mwananchi anapooneshwa. Hayaelezi mwonekano wa kitambulisho cha kijeshi, kwa sababu maelezo hayo yangemnufaisha mghushi kuliko mwananchi.

Makundi matatu, hati tatu

Kundi la kwanza ni askari walio katika utumishi. JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni kuvunjwa kufuatia maasi ya Januari mwaka huo. Askari wake ni mwajiriwa wa Jeshi. Ana namba ya utumishi, cheo na kikosi, na kitambulisho chake ni mali ya Jeshi. Anapoacha utumishi hana tena haki ya kukitumia kama mtu aliye kazini.

Kundi la pili ni vijana wa JKT, chombo kilichoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Wapo wanaoitwa kwa mujibu wa sheria baada ya kuhitimu kidato cha sita, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Wapo pia wanaojiunga kwa kujitolea. Anayemaliza mafunzo hupewa cheti. Cheti hicho kina thamani, kwa kuwa matangazo ya nafasi za kujiunga na JWTZ yamekuwa yakiwataka waombaji wawe nacho. Hata hivyo, cheti huthibitisha kwamba kijana amehitimu mafunzo tu. Hakimfanyi kuwa askari, na JKT yenyewe imekuwa ikieleza katika matangazo yake kwamba kujiunga nayo si ahadi ya ajira.

Kundi la tatu ni Jeshi la Akiba, maarufu kama mgambo. Hawa ni raia wanaopewa mafunzo ya kijeshi katika wilaya zao, chini ya uangalizi wa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, kisha kurejea kwenye kilimo, biashara au ajira zao. Akiba hii imewahi kuhitajika kweli: katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, maelfu ya mgambo waliitwa kuungana na JWTZ. Wakati wa amani, mgambo huyo huyo ndiye jirani anayelima viazi Uyole au mahindi Kilolo. Mafunzo yake yanamweka katika orodha ya akiba ya Taifa, lakini hayampi hadhi ya askari aliyeajiriwa na JWTZ.

Kwa nini askari huwa na kitambulisho

Kitambulisho cha kijeshi kina msingi katika sheria za kimataifa. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, ambao Tanganyika ilijiunga nao mwaka 1962, unazitaka nchi zilizo vitani kumpatia kila anayeweza kuwa mateka wa vita kadi inayoonesha majina yake, cheo, namba ya jeshi na tarehe ya kuzaliwa. Unaelekeza pia kwamba mateka ataionesha kadi hiyo anapotakiwa, lakini haruhusiwi kunyang'anywa kwa hali yoyote.

Sababu yake ni ya kibinadamu. Askari aliyekamatwa akiwa mbali na nyumbani lazima aweze kutambuliwa, na familia yake ipate taarifa. Kwa nchi inayopeleka walinda amani katika mataifa mengine, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jambo hilo lina uzito mkubwa. Kwa hiyo kadi hii ilikusudiwa kwanza kujibu swali moja: huyu ni nani?

Mambo ambayo kitambulisho hakithibitishi

Kitambulisho cha kijeshi hakimpi aliyekibeba mamlaka ya kupokea fedha kwa niaba ya Jeshi, kugawa nafasi za kazi au kuuza fomu. Hata kikiwa halali, na hata mwenye nacho akiwa askari wa kweli, ombi la fedha kwa ajili ya ajira linabaki kuwa kosa.

Chukulia mfano wa mzazi aliyeko Mafinga ambaye kijana wake amemaliza JKT. Anapigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa ofisa wa Jeshi. Anatumiwa picha ya kitambulisho, kisha anaambiwa jina la kijana limepita na inahitajika shilingi laki tano za vipimo vya afya kabla ya saa kumi jioni. Mzazi anaitazama picha, anaona cheo na muhuri, anaamini, anauza mahindi ya akiba. Swali alilojiuliza ni kama kitambulisho kile ni cha kweli. Swali lililopaswa kutangulia ni hili: je, Jeshi hukusanya fedha kwa njia ya simu? Jibu ni hapana, na jibu hilo halibadiliki hata picha ikiwa safi namna gani.

Nafasi za JWTZ hutangazwa hadharani na Makao Makuu ya Jeshi. Nafasi za JKT kwa kujitolea huratibiwa kupitia ofisi za Wakuu wa Mikoa na Wilaya. Ofisi hizo zipo Mbeya Mjini, Rungwe, Kyela, Chunya na Mbarali, kama zilivyopo Iringa Mjini, Kilolo na Mufindi. Kufika ofisini kuuliza hakuna malipo.

Unapokutana na mgambo kazini

Sheria ya mwaka 1975 iliwapa mgambo mamlaka ya kukamata wahalifu. Mamlaka hayo yana mipaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka anayemkamata mtu amweleze kosa analotuhumiwa nalo. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa au stendi ya Ipogolo anaweza kumuuliza mgambo, kwa staha, jina lake, ofisi iliyomtuma na kosa linalodaiwa. Faini halali hutolewa stakabadhi ya Serikali. Mgambo anayefanya kazi yake kwa uaminifu hapotezi chochote kwa kuulizwa, maana maswali hayo humlinda yeye pia dhidi ya wanaolichafua jina lake.

Hatua za kuchukua

Kwanza, usitume fedha kwa kuoneshwa kitambulisho, iwe ana kwa ana au kwa picha.

Pili, mtake anayejitambulisha akutane nawe katika ofisi ya Serikali: ofisi ya mtendaji wa kata, kituo cha polisi au ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kwa anayedai kuwa mgambo, Mshauri wa Mgambo wa Wilaya ndiye mtu wa kuulizwa.

Tatu, hifadhi namba ya simu, ujumbe na muamala. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, hivyo namba hiyo ni ushahidi. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040. Taarifa ya uhalifu ipelekwe Polisi kwa namba 112, na ya rushwa TAKUKURU kwa namba 113.

Nne, ukiokota kitambulisho cha kijeshi, kipeleke kituo cha polisi au kambi ya jeshi iliyo karibu. Usikipige picha wala kukisambaza mtandaoni kwa nia ya kumtafuta mwenyewe, kwa kuwa picha hiyo ndiyo malighafi ya mghushi.

Wajibu wa mwenye kitambulisho

Askari aliyepotelewa na kitambulisho anapaswa kutoa taarifa kikosini na Polisi bila kuchelewa. Hakiazimwi kwa ndugu ili apate unafuu safarini, wala hakiwekwi rehani kwa mkopeshaji. Kwa shughuli za kiraia kama vile kufungua akaunti ya benki au kusajili laini, askari, kijana wa JKT na mgambo wote hutumia Kitambulisho cha Taifa au namba yake yenye tarakimu 20, kama raia wengine.

Kughushi hati na kujifanya mtumishi wa umma ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Lakini kesi mahakamani hufuata baada ya fedha kuwa zimekwisha kwenda. Mzazi wa Mafinga anayekata simu na kwenda kuuliza katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya amelinda akiba ya familia yake, na pia heshima ya askari wa kweli ambaye jina la Jeshi lake lilikuwa linatumika.