Ua la Sebuleni Likitolewa Uani

Wauza miche kando ya Barabara ya Bagamoyo huita bidhaa yao yote maua, hata mmea ambao mnunuzi hatarajii kabisa kuuona umechanua. Mmojawapo ni ule wa majani magumu yaliyosimama kama panga, yenye ukingo wa njano, jamii moja na mkonge pori. Sebuleni humaliza miaka bila hata tumba. Ukihamishiwa uani, siku moja huchomoza shina la maua meupe, na wenye nyumba hubaki wakiulizana. Kwangu la kuulizwa ni kwa nini ulinyamaza muda wote huo ndani. Jicho la mtu huuzoea mwanga hafifu, hivyo chumba chenye pazia huonekana cheupe. Kumbe mwanga unaofika nyuma ya kochi mara nyingi hautimizi sehemu moja kwa mia ya ule wa nje. Mmea huu hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvifunga mchana ili kutunza maji. Kwa ubahili huo huvumilia kiu, na kivuli pia hukivumilia, lakini ua lina gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa sukari inayotokana na jua.

Mtu anaweza kupinga kwamba aina hii asili yake ni Afrika Magharibi, kwa hiyo pwani yetu si kwao. Ni kweli, ila ndugu zake wako hapa hapa. Mmoja wao uliitwa Sansevieria bagamoyensis na mtaalamu wa mimea N. E. Brown, kwa jina la mji wa Bagamoyo. Hata neno mkonge lilikuwa la mimea hii ya porini kabla mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf hajaleta mkonge wa mashambani mwaka 1893. Ndugu hao huchanua vichakani, masika na kiangazi vikipokezana, bila mtu wa kuwamwagilia. Wapo pia wanaoamini kwamba mmea ukichanua unaaga dunia. Imani hiyo ina chanzo, maana chipukizi lililotoa maua haliongezi tena majani mapya. Lakini yaliyopo hudumu miaka, na shina la chini ya udongo huendelea kuzaa machipukizi. Hatari iliyopo katika kuutoa nje ni pupa: jani lililokulia kivulini huungua likikutana ghafla na jua la Januari, basi chungu kianzie chini ya mwembe. Na anayetaka kuyaona maua aende baada ya magharibi, yanapofunguka na kunukia kuwaita nondo. Kufika saa nne asubuhi atayakuta yamesinyaa.