Pesa ya kuanzia biashara: tubishe mlango upi?



Mwezi huu nimeacha mambo ya masomo ya watoto kidogo. Katika darasa letu la jioni la watu wazima, swali linalorudi kila wiki si la herufi tena. Ni hili: "Mwalimu, serikali inatoa pesa ya biashara. Sisi wakimbizi wa Kakuma tunaipataje?"

Naelewa kwa nini linaulizwa. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulikatwa sana, familia zikagawanywa katika makundi manne kulingana na uhitaji. Nyumba nyingi zilianza kuhesabu: tukiuza nini, tutakula nini? Basi nimeuliza, nimesoma, na mengine nimejifunza kwa kuumia.

Nianze na kuumia kwangu. Mimi na wenzangu wawili tulitaka kufungua kibanda cha kuchaji simu na kuchapa karatasi. Akaja mtu mmoja amevaa vizuri, ana faili mkononi, akasema ana fomu za mkopo wa serikali. Kila fomu KSh 500. Tulitoa 1,500 kutoka kwenye posho zetu. Mkopo hatukuuona, na yule bwana hatukumwona tena. Kumbe hata kama fomu ingekuwa ya kweli, sisi tusingepata, kwa sababu tulikuwa hatujajua mlango ule ni wa nani.

MILANGO YA SERIKALI

Kenya ina mifuko kadhaa ya kukopesha watu wadogo. Kuna Mfuko wa Vijana, ulioanza mwaka 2006, na Mfuko wa Wanawake, ulioanza mwaka 2007. Kuna Uwezo, uliozinduliwa mwaka 2013, unaokopesha vikundi bila riba. Na kuna Mfuko wa Hustler, uliozinduliwa Novemba 2022, ambao mtu anaomba kwa simu na anaweza kuanzia na KSh 500 tu.

Hii yote imewekwa kwa ajili ya raia. Simu inauliza namba ya kitambulisho cha taifa, na kitambulisho chetu cha mkimbizi hakipiti hapo. Kwa hiyo mtu akikuambia "nipe hela nikuingize Hustler", mjibu asante na uendelee na safari yako.

Wengine wanasema: "Nitatumia kitambulisho cha jirani Mkenya." Ndugu, usifanye hivyo. Deni litakuwa kwa jina lake. Ukishindwa kulipa, yeye ndiye atafungiwa mkopo, na wewe utakuwa umepoteza jirani. Kama mnaaminiana, fanyeni biashara pamoja waziwazi: andikeni nani ametoa nini, na faida mtagawana vipi.

Na ule Mpango wa Shirika uliozinduliwa Nairobi mwezi wa tatu 2025? Huo ni mpango mkubwa wa kugeuza kambi ziwe makazi ya wenyeji na wakimbizi pamoja. Tuufuatilie, lakini si dirisha la kupanga foleni kuchukua mtaji.

Je, serikali haina kitu kwetu? Inacho. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inasema mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kufanya kazi au biashara, peke yake au kwa kikundi. Na serikali ya kaunti ya Turkana inatoa kibali cha biashara. Watu wanakiona kibali kama usumbufu wa kulipa tu. Mimi nakiona kama cheti. Siku unaomba mkopo, kile kibali ndicho kinasema wewe ni mfanyabiashara kweli, na duka lako liko mahali fulani.

MILANGO INAYOTUFUNGUKIA

Kakuma ni soko. Mwaka 2018 shirika la IFC, lililo chini ya Benki ya Dunia, lilichapisha utafiti uliokuta biashara zaidi ya 2,000 hapa kwetu. Ndiyo maana wapo wanaokuja kutukopesha. Shirika la Inkomoko, lililoanzia Rwanda, linafundisha wafanyabiashara wakimbizi na wenyeji, kisha linakopesha. Benki ya Equity ina tawi hapa Kakuma, na ukiweka pesa zako mle taratibu, unajenga historia. Yapo pia mashirika yanayotoa ruzuku, yaani pesa isiyorudishwa, lakini hizo zina msimu wake na washindani ni wengi. Sikiliza matangazo ya viongozi wa bloki, usingoje kuambiwa sokoni.

Lakini kabla ya hao wote kuna mlango ulio karibu zaidi: kikundi cha kuweka na kukopa. Hapo ndipo nataka kuwapa kisa cha mama mmoja wa darasani kwetu, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina.

DAFTARI LA MANDAZI

Mama huyu anakaanga mandazi 120 kila siku na kuuza KSh 10 moja. Alitaka mkopo wa 60,000 anunue friji auze na soda baridi. Alienda kuomba, wakamwuliza: "Faida yako kwa siku ni ngapi?" Akajibu, "Inatosha kula." Wakamrudisha nyumbani. Alikuja darasani amekasirika.

Nikamwambia, "Mama, tuandike mwezi mmoja tu."

"Mwalimu, mimi kuandika bado napapasa."

"Andika namba. Namba unazijua kuliko mimi."

Tukaandika. Unga, sukari, mafuta na makaa vilikula KSh 900 kwa siku. Mandazi 120 yakiuzwa yote ni 1,200. Faida ilipaswa kuwa 300. Lakini mfukoni jioni ilibaki 100. Alianza kumshuku binti yake anayemsaidia kuuza. Daftari likamtetea mtoto: mandazi kumi yanaliwa na watoto asubuhi, na mengine kumi yanachukuliwa na majirani kwa deni lisilolipwa. Hapo ndipo 200 ilipokuwa inapotelea, kila siku ya Mungu.

Watoto lazima wale, hilo hakulikata. Alichofanya ni kuliandika kama matumizi ya nyumbani, na akasimamisha deni. Majirani wawili walinuna. Mmoja amerudi, mwingine bado. Lakini faida ikafika 200 kwa siku, na sasa alikuwa na la kujibu akiulizwa.

Kikundi chao kina watu 15. Hisa moja ni KSh 100 kwa wiki, yeye alikuwa ananunua mbili. Baada ya wiki 12 alikuwa na akiba ya 2,400. Kanuni yao inaruhusu kukopa hadi mara tatu ya akiba yako. Alikopa 7,000, akanunua sufuria kubwa, jiko zuri, na unga kwa beli badala ya pakiti moja moja. Alitakiwa kurudisha 7,700 kwa wiki 13, karibu 600 kila wiki. Kwa kuwa anauza siku sita na kupata 1,200, nusu ililipa deni na nusu ikabaki nyumbani. Amemaliza kulipa.

Friji hajanunua bado. Ila aliporudi kule walikomkataa, alibeba daftari, na safari hii walimkalisha kwenye kiti wakalisoma.

KABLA HUJAENDA KUOMBA

1. Hakikisha kitambulisho chako cha mkimbizi hakijaisha muda, na laini ya simu imeandikishwa kwa jina lako mwenyewe.
2. Tunza kibali cha kaunti na risiti zake. Uliza kama utahitaji namba ya PIN ya kodi ya KRA.
3. Andika mauzo na matumizi kila siku, angalau miezi mitatu. Chakula cha nyumbani kiwe na ukurasa wake.
4. Omba kiasi ambacho nusu ya faida yako inaweza kukilipa.
5. Uliza riba ni kiasi gani, na jumla utarudisha shilingi ngapi. Usiweke sahihi kabla hujaelewa. Kama kusoma kunasumbua, njoo na karatasi darasani tuisome pamoja.
6. Mtu akidai hela ya fomu, ondoka, kisha mwambie kiongozi wa bloki yako.

Mimi na wenzangu bado hatujafungua kile kibanda. Tumejiunga na kikundi, tuko wiki ya tisa. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe lazima ujue kina tobo wapi.

Asiye na daftari aje darasani jioni, tutachora mistari pamoja. Mpaka mwezi ujao, kaeni salama.