Waya Unaokatika Palepale

Mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya ultrasoniki inanguruma, taa inawaka, maji yanapata joto, lakini bodi ya simu inatoka na kutu ileile iliyoingia nayo. Mafundi simu, masonara na wanaosafisha nozeli za injekta wanaijua hali hii. Wengi hukimbilia fyuzi. Mimi hufungua kifuniko cha chini kwanza, kwa sababu mara nyingi mkosaji ni waya mmoja unaoning'inia.

Chini ya beseni la mashine kumegandishwa vitetemeshi. Kila kimoja ni pete mbili za kauri zilizobanwa kwa bolti katikati ya vyuma viwili, na kati ya pete hizo kuna kijibati cha shaba kinachopokea umeme. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikikandamizwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme hutanuka na kusinyaa, na kauri hii hufanya vivyo hivyo. Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wa Pierre, ndiye aliyeziweka fuwele katikati ya vyuma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akitafuta njia ya kugundua nyambizi. Kitetemeshi cha leo ni mjukuu wa kifaa hicho.

Mashine nyingi za mezani hutetema mara 40,000 kwa sekunde. Maji huzaa vipovu vidogo mno, navyo vikijifumba kwa kishindo hubandua uchafu. Sasa piga hesabu: saa moja ya kazi ni mitetemo milioni 144. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika ungehitaji karibu miaka minne kufikisha idadi hiyo. Na waya umeshikana na kile kijibati cha shaba muda wote.

Waya wa nyuzi nyingi ni laini, hupinda bila kuumia. Lakini lehemu ikiyeyuka hupanda katikati ya nyuzi na kuzigeuza kijiti kimoja kigumu. Pale ugumu unapoishia na ulaini unapoanza, mikunjo yote hukusanyika, na hapo ndipo shaba hukatika. Ndiyo maana naumia nikiona fundi akirundika donge kubwa la lehemu juu ya kiungo kilichoachia. Hajatibu kitu, amesogeza tu mahali pa kukatikia.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa mashine ukutani na uhakikishe kapasita zimemaliza chaji. Zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300. Kisha tenganisha nyaya za vitetemeshi na bodi ya mashine, upime kwa mita yenye kipimo cha kapasita. Kitetemeshi kimoja cha aina hii huwa na takriban nanofaradi 4. Viwili vilivyoungwa sambamba visome karibu 8. Ukiona 4, kimoja kiko nje ya mzunguko hata kama waya wake unaonekana mzima, kwani nyuzi huweza kukatika ndani ya ganda lake.

Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, au weka mpya wenye nyuzi nyembamba na ganda la silikoni. Unganisha ncha mbili za kitetemeshi kwa kipande cha waya, kwa sababu kauri ikipashwa moto huzalisha chaji yenyewe na inaweza kukupiga. Kwangua kijibati, paka flaksi, gusa kwa chuma cha moto sekunde chache tu. Kauri nyingi za aina hii hupoteza kabisa uwezo wake zikifika nyuzi joto 300 na kitu, na ncha ya chuma chako ni moto kuliko hapo. Lehemu iwe kidogo. Uache waya na mzingo uliolegea, kisha funika kiungo pamoja na mwanzo wa waya kwa silikoni ili mkunjo usambae. Chagua silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka hutoa asidi inayokula shaba.

Ukishaondoa kile kipande cha waya na kurudisha nyaya kwenye bodi, funga kifuniko na ujaze maji, maana beseni tupu huua kauri. Tumbukiza karatasi ya alumini ya jikoni wima, juu ya kitetemeshi ulichotengeneza, kwa nusu dakika. Itoe uielekeze kwenye mwanga: upande huo nao sasa uwe umejaa vitundu.