Sanamu ya chuma cha kusubu: usikimbilie fundi geti

Hapa Moshi masika yakikolea kila chuma kinaota kutu, kwa hiyo leo naongelea sanamu za chuma kwenye majumba ya zamani. Zikianza kuliwa, wengi tunakimbilia grinda, kuchomelea na rangi. Hapo ndipo tunapoziua.

Nilijifunza kwa hasara. Pasi ya mkaa ya bibi, ile yenye kijogoo mbele, ilivunjika kifuniko. Fundi mmoja wa mtaani akaichomelea fasta fasta. Kabla haijapoa vizuri, tak! Ikapasuka pembeni ya kiungo. Bibi alininunia wiki nzima.

Kwa nini? Wahunzi wa huku mlimani walikuwa wanafua chuma kutoka Ugweno, Upareni. Chuma cha kufua kinapinda. Lakini pasi ile, miguu ya cherehani za zamani na sanamu nyingi ni chuma cha kusubu, yaani kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Kina kaboni nyingi, kama asilimia 2 hadi 4. Kinabeba mzigo mzito, ila ukikigonga au kukipasha moto sehemu moja tu, kinapasuka.

Sasa ufanyeje?

Kwanza, jaribu na sumaku. Sanamu ya Askari pale Dar, ya mwaka 1927, ni shaba nyeusi, sumaku hainati. Shaba ikizeeka inajivika ngozi inayoilinda. Kutu ya chuma hailindi kitu, inabanduka na kula zaidi.

Pili, tafuta maji yanapoingilia. Sanamu kubwa nyingi zina uwazi ndani na zimeungwa kwa bolti. Maji yakituama humo, kutu inavimba mpaka inapasua viungo. Ukipaka rangi juu umefungia ugonjwa ndani. Ziba viungo vya juu, acha tundu chini maji yatoke.

Tatu, piga picha, bakiza kipande cha rangi ya zamani kama kumbukumbu, halafu kwangua kwa brashi ya waya. Vaa barakoa na watoto wakae mbali, maana rangi za kale nyingi zina madini ya risasi. Paka praima ya zinki siku hiyo hiyo. Umande wa usiku mmoja tu unakurudisha mwanzo.

Nne, ufa ufungwe kwa bamba na bolti, au umwachie fundi anayejua vijiti vya nikeli na kupasha kitu kizima taratibu.

Msione ni mambo ya urembo tu. Beit al Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa 1883 ikazungushiwa nguzo za chuma cha kusubu, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati. Watu wawili walikufa. Kitu cha kale kinataka kujuliwa kwanza, ndipo kiguswe.

Haya, mwenye pasi ya bibi iliyopona atuambie hapo chini aliiponyaje.