Beringi ya gurudumu

Beringi ya gurudumu ni kifaa cha chuma kinachobeba uzito wa gari na kuliwezesha gurudumu kuzunguka kwa wepesi. Ikianza kuharibika, kwa kawaida hutoa mvumo unaoongezeka kadiri gari linavyokwenda kasi. Mvumo huo hufanana na kelele za matairi au difu, kwa hiyo ni rahisi kubadilisha kifaa kisicho na kasoro na kuacha kile kibovu.

Muundo

Beringi ina pete mbili, ya ndani na ya nje. Kati yake kuna gololi au rola za chuma kigumu zinazobiringika ndani ya grisi. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya kutumia gololi katika ekseli za magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1898 Henry Timken na Reginald Heinzelmann, wote wa Marekani, walipata hataza ya beringi yenye rola nyembamba upande mmoja.

Aina hiyo ya rola bado hutumika katika malori na matrela mengi. Hufunguliwa, husafishwa, hutiwa grisi na kurekebishwa kwa nati. Magari madogo mengi ya kisasa yana beringi iliyofungwa kiwandani pamoja na grisi yake, ikiharibika hubadilishwa.

Chanzo cha mvumo

Tairi lenye mzingo wa takriban mita 2 huzunguka karibu mara 7 kwa sekunde gari likienda kilomita 50 kwa saa, na karibu mara 14 likienda kilomita 100. Pete ya beringi ikiwa na kovu, kila gololi inayopita hugonga hapo. Migongo hiyo hufuatana upesi mno hata sikio husikia mvumo mmoja, nao hupanda mwendo unapoongezeka.

Makovu husababishwa na maji au vumbi kuingia, grisi kupungua, gurudumu kugonga shimo kwa nguvu, au beringi kufungwa vibaya.

Kutofautisha kelele

Jambo la kwanza ni kujua kama kelele inafuata injini au mwendo wa gari. Gari likiwa limesimama, dereva hukanyaga mafuta. Kelele ikisikika, chanzo ni injini au vifaa vinavyozungushwa nayo. Barabarani, kama mwendo ni uleule na kelele haibadiliki gia inapobadilishwa, inafaa kuchunguza magurudumu, matairi na difu.

* Matairi: kelele hubadilika pale lami inapobadilika. Matairi ya mbele na ya nyuma yakibadilishana nafasi, kelele huhama nayo. Kiganja kikipitishwa juu ya tairi huhisi sehemu zilizolika.
* Difu: kelele hubadilika dereva anapokanyaga na anapoachia mafuta.
* Viungo vya ekseli za mbele: hugongagonga gari linapokata kona kali polepole.
* Beringi: mvumo haubadiliki sana kwa kukanyaga mafuta, bali hubadilika kwenye kona. Gari likikata kulia, uzito huhamia kushoto. Mvumo ukiongezeka, beringi ya kushoto hushukiwa kwanza.

Dalili ya kona si uthibitisho, hivyo gurudumu lenyewe hukaguliwa.

Ukaguzi

Gari huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi imara, huku magurudumu yaliyobaki chini yakizuiwa. Fundi hushika gurudumu juu na chini, kisha hulitikisa. Likicheza, msaidizi hukanyaga breki: mchezo ukitoweka, beringi ndiyo inayoshukiwa, ukibaki, viungo vya usukani na vya mikono ya gurudumu hukaguliwa.

Baadaye gurudumu huzungushwa kwa mkono mmoja, mwingine ukishika springi ya upande huo. Beringi mbovu hutuma mkwaruzo hadi kwenye springi. Beringi inayovuma inaweza isiwe na mchezo wowote, hivyo gurudumu lisilocheza halithibitishi kwamba beringi ni nzima.

Hatari na matengenezo

Beringi mbovu hupata joto, grisi yake huharibika na mchezo huongezeka. Diski ya breki huweza kuyumba, na katika magari yenye ABS taa ya onyo huweza kuwaka kwa sababu kipima mwendo cha gurudumu kimevurugwa. Mwishowe beringi huweza kukwama au gurudumu kuchomoka gari likiwa katika mwendo. Hakuna umbali salama unaoweza kukadiriwa kwa kusikiliza mvumo.

Beringi mpya ya kushindiliwa huingizwa kwa presi kupitia pete inayobana, kwa maana nguvu ikipitia kwenye gololi huacha makovu kabla gari halijatoka gereji. Nati hukazwa kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari.