Kujifunza Kupiga Picha: Kamera Hupima, Mtu Huamua

Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye kamera ya bei kubwa hana budi kupata picha nzuri, hata kama hakujifunza lolote. Dhana hiyo si kweli. Kamera ni chombo tu, kama randa ya seremala au cherehani ya fundi wa nguo. Haijui ni kitu gani kilicho mbele yake, wala haijui mwenyewe ataka nini. Ajuaye ni yule aliyeishika.

Na uchukuliwe mfano wa kijana wa Mombasa aliyepata kamera kuukuu ya filamu, ambayo vipimo vyake hutiwa kwa mkono. Siku ya arusi ya mjomba wake, saa saba mchana, jamaa wote walipangwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na wanaume wamevaa kanzu nyeupe. Kijana akafuata kipima nuru cha kamera kama kilivyoonyesha, akapiga. Picha zilipotoka, kanzu zilionekana na ukuta ulionekana, lakini nyuso zilikuwa giza tupu, hata bibi yake aliyeketi mstari wa mbele hakutambulikana. Mwaka haukwisha, bibi akafariki. Picha yake nyingine haikuwapo.

Kijana huyo hakuwa mzembe, wala kamera yake haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni maarifa ambayo mtu yeyote aweza kuyapata kwa majuma machache ya kujizoeza.

CHUMBA CHENYE GIZA

Neno kamera latokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba, na kweli kamera ni chumba kidogo chenye giza na tundu moja. Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya kazi zake Kairo, alieleza jinsi nuru ipitayo katika tundu dogo inavyochora sura ya kitu kilicho nje, juu chini. Ilichukua miaka 800 hivi hata watu wakapata njia ya kuihifadhi sura hiyo. Na mwaka 1839, njia ya Louis Daguerre wa Ufaransa ilitangazwa kwa watu wote. Tangu siku hizo mambo mengi yamebadilika, lakini kazi ya mpiga picha ni ile ile: kuingiza nuru ya kutosha, isizidi wala isipungue.

VIPIMO VITATU

Nuru huongozwa kwa vipimo vitatu, navyo vyaweza kufananishwa na kujaza mtungi chini ya bomba. Cha kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi, mfano wa bomba lililofunguliwa sana au kidogo. Cha pili ni muda ambao pazia la kamera hukaa wazi, mfano wa muda wa kuacha maji yatiririke. Cha tatu ni wepesi wa filamu wa kupokea nuru, mfano wa ukubwa wa mtungi: filamu ya wepesi 400 ni kama mtungi mdogo, hujaa upesi kuliko ile ya 100.

Tundu la lenzi huandikwa kwa namba 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Anayeanza hustaajabu kuona ya kuwa namba kubwa ni tundu dogo. Sababu yake ni kwamba namba hizo ni za kugawanya: robo ya mkate ni kubwa kuliko sehemu moja ya kumi na sita. Kila hatua moja kutoka namba ndogo kwenda kubwa hupunguza nuru kwa nusu. Namba za pazia nazo ni sehemu za sekunde: 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, na kila hatua hupunguza nuru karibu nusu vile vile. Kwa hiyo tundu 8 pamoja na 1/125 huingiza nuru sawa na tundu 5.6 pamoja na 1/250, au tundu 11 pamoja na 1/60.

Ikiwa nuru ni sawa, kwa nini mtu achague? Kwa sababu picha hazitakuwa sawa. Tundu dogo huonyesha dhahiri vitu vya karibu na vya mbali pamoja, nalo lafaa kwa jamaa waliosimama mistari mitatu. Tundu kubwa huonyesha dhahiri kitu kimoja na kuyafifisha yaliyo nyuma, nalo lafaa kwa uso wa mtu mmoja. Pazia la haraka, kama 1/500, humkamata mtoto akimbiaye asionekane kama moshi. Pazia la polepole kuliko 1/60 hudai kamera iegemezwe mahali imara, maana mkono wa binadamu hautulii.

Mtu asiye na kipima nuru aweza kuanza na kanuni ya wazee wa kazi hii: jua likiwa kali bila mawingu, na filamu ikiwa ya wepesi 100, atumie tundu 16 na pazia 1/125. Akiwa katika kivuli chenye mwangaza, kama barazani, huongeza hatua tatu hivi, yaani hufungua tundu mpaka 5.6.

KIPIMA NURU HAKIJUI MTU

Hapa ndipo kijana wa Mombasa alipokosea. Kipima nuru kilichomo ndani ya kamera hufanya kazi kana kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kijivu cha wastani, ambacho mafundi hukadiria kuwa hurudisha asilimia 18 ya nuru. Kikielekezwa kwenye ukuta wa chokaa na kanzu, hudhani nuru imezidi, nacho huagiza ipunguzwe. Ukuta huwa kijivu, na nyuso hutoweka. Kikielekezwa kwa akina mama waliovaa buibui mbele ya mlango mweusi, hudhani nuru ni haba, nacho huagiza iongezwe kupita kiasi, hata nyuso zikapauka.

Dawa yake haigharimu hata senti. Mpiga picha huweka kiganja chake katika nuru ile ile iangukiayo nyuso za watu, akasogeza kamera mpaka kiganja kijaze dirisha, akasoma kipimo. Kisha huongeza nuru hatua moja: ikiwa kipimo ni tundu 11, yeye hufungua mpaka 8. Viganja vya watu wa rangi zote havitofautiani sana, na kwa kawaida kiganja hung'aa hatua moja hivi kuliko kile kijivu cha wastani. Baada ya hapo huyashika maagizo hayo, hata kama kipima nuru kitamwambia vingine anaporudi kuwatazama watu na ukuta wao.

Yafaa pia kujua ya kuwa lawama ya nyuso kuwa giza haikuwa ya wapiga picha peke yao. Tangu miaka ya 1950, mahali pengi palipotengenezwa picha za rangi, mafundi walisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na filamu za zamani hizo zilishindwa kuonyesha vema uso mweusi na uso mweupe katika picha moja. Baadaye filamu zilirekebishwa. Hata hivyo kipima nuru bado chaweza kudanganyika. Simu za mkononi ambazo wengi hupigia picha siku hizi nazo hupotezwa na dirisha jeupe nyuma ya mtu. Ndiyo maana katika simu nyingi mtu akiugusa uso kwenye kioo, kipimo husahihishwa.

Jambo jingine ni saa. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, jua la adhuhuri husimama juu ya utosi na kutia vivuli vyeusi machoni. Asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi, nuru huja kwa upande na kuwa laini. Ikiwa hapana budi kupiga mchana, heri watu wahamishiwe kivulini.

KUPANGA PICHA

Nuru ikiisha kupimwa, imebaki kazi ya jicho. Kosa la kwanza la mwanafunzi ni kusimama mbali mno, hata mtu akawa mdogo kama punje. Kosa la pili ni kutotazama nyuma ya mtu, kisha mnazi ukaonekana umeota kichwani pake. Hatua mbili upande wa kulia au kushoto hutosha kuuondoa.

Kanuni inayosaidia ni kuigawa picha sehemu tatu kwa upana na tatu kwa urefu, na kuliweka jambo kubwa pale mistari inapokutana, badala ya katikati kila mara. Macho ya mtu hukaa vema karibu na mstari wa juu. Jahazi litwekalo tanga huachiwa maji mengi mbele yake kuliko nyuma, ili mtazamaji aone liendako. Upeo wa bahari usiinamie upande mmoja, wala usikate shingo ya mtu. Mtoto hupigwa picha kwa kuchutama, ili kamera ilingane na macho yake.

Juu ya hayo yote yako adabu. Hodi haipigwi mlangoni tu. Mtu asiyependa kupigwa picha asilazimishwe wala asiibiwe, hasa akina mama na wazee. Aliyeombwa kwa heshima akakubali, uso wake hutulia, na utulivu huo hauletwi na kipimo chochote.

MAZOEZI

Mwanafunzi aanze na filamu moja na daftari. Kitu kimoja akipige mara tano, akibadili kipimo kimoja tu kila mara, na kuandika tundu, pazia na saa. Picha zikitoka, azilinganishe na daftari. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu, alianza utotoni kwa kamera ya sanduku aina ya Brownie, isiyo na vipimo vya kuchagua kama hivi. Uhaba wa chombo haukumzuia kujifunza kutazama.

Kazi ya mwisho ni ndogo, nayo husahauliwa na wengi. Picha ikiisha kutengenezwa, yapasa iandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi, polepole: majina ya watu wote kutoka kushoto, mahali, na tarehe. Wajukuu watakaoipokea hawatauliza ni tundu gani lililotumiwa. Watauliza ni nani yule bibi aliyeketi mstari wa mbele.